Kila Mmoja Mjukuu wa Muungwana, Basi Nani Aliuzwa?

Mwanzoni mwa miaka ya 1870 mfanyabiashara wa pembe kutoka Unguja aliingia Utetera, nchi iliyo magharibi ya Mto Lualaba, akamkuta mtawala mzee aliyeitwa Kasongo Rushie. Njiani alikuwa amekwisha kusikia kwamba zamani dada za mzee huyo walitekwa na watu wa Urua, wasionekane tena. Habari hiyo akaifanya mtaji. Alisema bibi yake mzaa mama ndiye mmoja wa dada wale: babu yake alimpata huko Urua, akazaa naye, na sasa mjukuu amerudi kwao. Mzee akaamini, au akaona afadhali aamini, akamkabidhi nchi pamoja na watu wake. Mgeni yule ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ndiye Tippu Tip, na kisa hiki tunakijua kwa sababu alikisimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, alichokiandika kwa Kiswahili baada ya kurudi Unguja moja kwa moja.

Nakikumbuka kisa hiki kila ninapowasikiliza ndugu zangu wenye asili ya Maniema, mashariki ya Kongo, wakigombana mitandaoni juu ya nani ni nani. Tippu Tip, aliyekuwa akifanya biashara ya watu, hakuona haya kujiita mjukuu wa mwanamke aliyetekwa, kwa kuwa maneno hayo yalimpa nchi. Sisi ambao kweli ni wajukuu wa wanawake waliotekwa, ndio tunaoona haya. Tunabishana usiku kucha juu ya kila babu, na bibi huyo hatumtaji.

Ubishi wenyewe unavuka mipaka mingi. Yumo mtu wa Kasongo na wa Kindu, yumo wa Ujiji, wa Tabora, wa Kariakoo, wa Buyenzi kule Bujumbura. Wamo walioko Muscat na walioko Brussels. Siku hizi wamo pia vijana waliokulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wakapelekwa Marekani na familia zao, na huko wakaanza kuulizwa na wenzao shuleni wao ni Waafrika wa wapi hasa. Mmoja anasema Wamanyema halisi ni Wabangubangu wa Kabambare, wengine ni wafuasi. Mwingine anajibu kwamba Nyangwe ni ya Wagenya, watu wa mto, na kwamba waliobaki wote walikuja na misafara. Wa tatu anataka Wakusu watajwe kwanza. Anatokea mwenye kuapa kwamba kwao ni Uarabuni tu, damu nyingine haimo, na picha ya babu mwenye kilemba inatumwa kama ushahidi. Kisha Tippu Tip anaingizwa, na hapo moto unawaka: kwa hawa ni mtu aliyeleta dini, mpunga na Kiswahili, kwa wale ni muuaji, na anayemsifu ni msaliti. Matusi yanafuata, na kwa Kiswahili chetu tusi zito kuliko yote katika ubishi wa aina hii ni kumwambia mtu kwamba ukoo wake ni wa watumwa. Likishatamkwa, mazungumzo yamekufa.

Wanaijeria nao wana ugomvi unaofanana na huu. Wayoruba na Waigbo wanavutana juu ya Waafrika waliopelekwa ng'ambo ya Atlantiki: nani ana watoto wengi zaidi kule, dini za Brazil na Cuba ni za nani, mila za Virginia na Georgia zimetoka kwa nani. Inafaa kuujua ugomvi huo, maana historia yake inatufundisha jambo. Katika siku za biashara ya watumwa, mtu wa Oyo alijiita wa Oyo na mtu wa Ijesha alijiita wa Ijesha. Ni ugenini walikokusanywa chini ya jina moja: Bahia waliitwa Nagô, Cuba wakaitwa Lucumí, Freetown wakaitwa Aku. Samuel Ajayi Crowther alitekwa mwaka 1821 akiwa mtoto, akakombolewa baharini, akalelewa Sierra Leone, na yeye ndiye aliyechapisha msamiati wa Kiyoruba mwaka 1843 na kuongoza kazi ya kutafsiri Biblia iliyokamilika mwaka 1884. Jina kubwa la watu wote lilipata nguvu zake kwa mikono ya waliokuwa wametekwa. Kwa Waigbo mambo hayako mbali na hayo. Olaudah Equiano, ambaye kitabu chake cha mwaka 1789 ndicho kilichoitangaza nchi yao duniani, hadi leo anabishaniwa: yeye aliandika kwamba alizaliwa huko, ilhali karatasi za ubatizo wake na za jeshi la majini zinasema alizaliwa Carolina.

Lakini iko tofauti moja kati yao na sisi, na kwangu hiyo ndiyo kiini cha jambo lote. Mtu wa Bahia au wa Georgia anapotafuta asili yake, anamtafuta babu aliyefungwa minyororo. Pale kisiwani St. Simons, katika pwani ya Georgia, mateka wa Kiigbo waliingia majini mwaka 1803 wakikataa utumwa, na wajukuu wa watumwa wa eneo lile wanakitaja kisa hicho kwa fahari. Waliotekwa ndio mababu, nao ndio wanaoheshimiwa. Kwetu, kutoka Nyangwe hadi Ujiji, hadi Unguja na Oman, anayetafutwa ni muungwana. Kila ukoo una muungwana wake. Ukiwasikiliza wote kwa pamoja, utadhani misafara ile ilikuwa ya mabwana watupu, wakitembea na mabwana wenzao, na kwamba pembe zile zilijibeba zenyewe hadi Bagamoyo.

Sababu ya tofauti hii si kwamba watu wetu ni waongo kuliko wengine. Utumwa wa upande wetu ulifanya kazi kwa njia nyingine. Upande wa Atlantiki, mtoto wa mtumwa mwanamke alifuata hali ya mama yake, hata kama baba alikuwa bwana shamba mwenyewe, na rangi ikamkumbusha kila mtu vizazi vyote. Katika jamii za Waislamu wa pwani na za njia ya misafara, suria akimzalia bwana wake na bwana akamkiri mtoto, mtoto ni huru na anaingia katika nasaba ya baba, na mama hauzwi tena, naye huwa huru bwana akifa. Mtoto wa watumwa aliyezaliwa nyumbani, mzalia, alizungumza Kiswahili, alisali, na mara nyingi alichukua jina la ukoo wa bwana. Kwa vizazi viwili au vitatu mlango wa utumwa ulikuwa umefungwa na ufunguo umetupwa. Ilikuwa huruma ya namna fulani, na waliookolewa na mlango huo walikuwa na haki ya kushukuru. Ila gharama yake tunailipa sisi: shajara zetu za nasaba ni za wanaume. Fulani bin fulani bin fulani, hadi Hadramaut au Rustaq, na katika mlolongo huo wote hakuna mwanamke hata mmoja wa Lualaba. Walikuwamo wengi.

Ndiyo maana nataka turudi Nyangwe, kwa sababu Nyangwe ilikuwa kwanza soko la wanawake. Kabla hapajawa kituo cha Waarabu na Waswahili, na hata baadaye, ukingo ule wa kulia wa Lualaba ulikutanisha wanawake wa pande zote mbili za mto. Walikuja kwa mitumbwi ya Wagenya na kwa miguu, wamebeba samaki, vyungu, chumvi, mihogo, kuku. Msafiri David Livingstone, aliyefika pale mwishoni mwa Machi 1871, alipenda kukaa sokoni na kutazama tu. Katika miezi ile alishindwa kupata mtumbwi wa kumvusha, na soko lilikuwa faraja yake.

Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, kwa makadirio yake walikuja watu wapatao 1,500, ingawa vijiji vya ng'ambo vilikuwa vikiungua. Watu watatu wa Dugumbe, mfanyabiashara mkubwa aliyekuwa amefika karibuni, waliingia sokoni na bunduki. Palikuwa na kubishania bei ya kuku. Kisha risasi zikaanza, na kundi jingine lililokuwa karibu na kijito likawafyatulia wanawake waliokuwa wakikimbilia mitumbwi. Mitumbwi ilijaa, ikazama. Wengi walijitupa mtoni wakajaribu kuogelea hadi kisiwani wakipambana na mkondo. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone hakuamini kwamba idadi kamili ingejulikana. Baada ya siku chache alianza safari ya kurudi Ujiji, na huko ndiko mwandishi wa habari Stanley alikomkuta mwaka huo huo.

Sasa, ni nani waliofyatua? Katika ubishi wa mitandaoni jibu ni neno moja, Waarabu. Wapinzani wa jibu hilo wanasema kwamba Mzungu ameandika uongo ili kutayarisha njia ya ukoloni. Wote wawili wanaikimbia habari yenyewe. Waliobeba bunduki za Dugumbe, kama waliobeba bunduki za Tippu Tip baadaye, wengi wao walikuwa Waafrika: watu wa Unyamwezi, wa pwani, na vijana wa Maniema yenyewe waliotekwa wakiwa wadogo, wakapewa bunduki na jina jipya. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Adrian Wisnicki walifanikiwa, kwa picha za kitaalamu, kuyasoma yale aliyoyaandika Livingstone pale pale kwa wino wa matunda juu ya karatasi za gazeti kuukuu. Walipoyalinganisha na kitabu kilichochapishwa mwaka 1874 waliona tofauti zinazoibua swali zito, iwapo hata baadhi ya watumwa wa kukodi waliofuatana na Livingstone mwenyewe walihusika katika fujo zile. Kwa hiyo mtu wa Ujiji anayesema leo kwamba ni Mmanyema, anaweza kuwa mjukuu wa aliyefyatua na wa aliyeogelea, wote wawili katika damu moja. Haiwezekani kumchagua mmoja na kumwacha mwingine.

Historia ya miaka iliyofuata inathibitisha hivyo hivyo. Chukua Ngongo Lutete. Husimuliwa kwamba utotoni aliwahi kuwa mtumwa. Akainuka kwa uhodari wa vita, akawa jemadari wa Tippu Tip kwenye Mto Lomami, na mwaka 1892 akahamia upande wa Wabelgiji. Bila askari wa Ngongo, kamanda wa Wabelgiji Francis Dhanis asingeweza kuiteka Nyangwe tarehe 4 Machi 1893, wala Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huo. Mwezi Septemba Wabelgiji wale wale wakamwua kwa risasi kule Ngandu. Leo wapo wanaomhesabu kuwa Mtetela na wapo wanaosema ni Msonge, na kila upande una hoja zake. Mtu aliyetumikia himaya mbili, akateka maelfu ya watu wa kila lugha kati ya Lomami na Lualaba, anagombaniwa awe wa kabila moja safi. Na hao Watetela na Wakusu wenyewe, ambao lugha zao zinasikilizana, walitenganishwa na mpaka wa kikoloni, hawa wakahesabiwa upande wa Kasai na hawa upande wa Kivu, kisha wakaanza kuandika historia mbili.

Wako na wengine waliojitwalia haki ya kusema kwa niaba ya Nyangwe. Katika bustani ya Cinquantenaire mjini Brussels kuna mnara uliozinduliwa mwaka 1921 kuwasifu Wabelgiji waliokwenda Kongo. Andiko lake moja lilisema kwamba ushujaa wa jeshi la Ubelgiji ulimwangamiza Mwarabu mfanya biashara ya watumwa. Msikiti mkuu wa Brussels uko katika bustani hiyo hiyo. Malalamiko yakaja, neno linalomtaja Mwarabu likafutwa; wanajeshi wastaafu wa Afrika wakalalamika, likarudishwa; baadaye likafutwa tena. Ugomvi huo uliendelea miaka mingi kati ya balozi, maofisa wa zamani na wakuu wa jiji. Mjukuu wa mwanamke wa soko la Nyangwe hakuitwa kushauriwa, ingawa anayesemwa kuwa aliokolewa ni bibi yake. Wala maandishi yale hayasemi kwamba waliookolewa waligeuzwa wapagazi na wakata mpira wa Mfalme Leopold, ambaye mwaka 1887 alikuwa amemteua Tippu Tip huyo huyo kuwa liwali wake Stanley Falls.

Kushindwa kwa Waarabu na Waswahili mwaka 1893 na 1894 kuliwatawanya wengi zaidi. Wengi walikuwa wamekwisha kuvuka Ziwa Tanganyika kwa miongo kadhaa kabla yake, wakiwa mateka, wapagazi, wake, masuria na askari. Ujiji, Tabora, Usumbura na Dar es Salaam watu hao wa lugha nyingi walijikuta wakiitwa kwa jina moja, Wamanyema, jina ambalo wasafiri waliipa nchi nzima, si kabila moja. Wakalichukua. Mimi nimekulia Ujiji, na najua uzito wa jina hilo pale. Lina misikiti, lina ngoma, lina namna ya kupika na ya kuzika. Kariakoo kuna Msikiti wa Manyema. Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, umejengwa na wajukuu wa watu hao hao. Mtafiti Sheryl McCurdy ameandika juu ya wanawake wa Kimanyema wa Ujiji na Kigoma, jinsi walivyojijenga upya kwa mavazi na jumuiya zao baada ya utumwa, hadi wakawa watu wa kuigwa mjini. Hili ni jambo kubwa sana. Watu walionyang'anywa ukoo walitengeneza ukoo mwingine, na ukasimama.

Kwa hiyo anayesema Manyema si kabila anasema ukweli wa mwaka 1860 na kosa la leo. Na anayesema Wamanyema wa Tanzania si wa kweli kwa kuwa hawajui kijiji chao, anawaadhibu mara ya pili kwa kutekwa kwa bibi zao. Mtu aliyeuzwa akiwa na miaka minane angekumbukaje jina la kijiji mpaka vitukuu vyake viridhike?

Nyumbani kwetu, kama kwa wengi, maneno yalikuwa mafupi: sisi watu wa ng'ambo. Ukiuliza zaidi, unaambiwa ukachote maji. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba ukimya ule ulikuwa ngao. Mwanamke aliyepata mume, nyumba na heshima hakutaka jina la utumwa liwafuate wanawe, na katika Ujiji ya wakati huo lingewafuata kweli. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu. Unguja ilikuwa 1897, lakini masuria waliachwa nje ya sheria hiyo hadi 1909. Ukihesabu vizuri, walikuwapo wazee tulioketi nao miaka ya utoto wetu ambao mama zao walizaliwa wakiwa mali ya mtu. Ngao ile ilifanya kazi yake. Sasa imekuwa upanga tunaokatana nao wenyewe.

Kongo, upanga huo una makali ya sheria. Mwaka 1981 Zaire ilitunga sheria ya uraia iliyomtaka mtu athibitishe kwamba anatokana na kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885, mwaka wa kuanzishwa kwa Dola Huru ya Kongo. Watunga sheria walikuwa wakiwatazama hasa watu wenye asili ya Rwanda, na matokeo yake kule Kivu yanajulikana kwa damu. Lakini hebu tuitazame tarehe hiyo tukiwa Kasongo. Agosti 1885 Kasongo na Nyangwe zilitawaliwa na watu wa Unguja. Miji ile ilijaa watu waliotolewa Urua, Utetera, Unyamwezi, pwani, na vijiji vilivyochomwa vya Wazimba na Wasonge. Nani alikuwa kwao siku hiyo? Sheria ya mwaka 2004 ilibadilisha kigezo na kuuweka mwaka wa uhuru mbele, ila fikra ya kwamba iko siku moja ya zamani ambapo kila mtu alikuwa mahali pake haijafutika. Inaendelea kutumika kumwambia jirani kwamba ardhi si yake. Anayeandika kwa raha kutoka Brussels au Dallas kwamba wale wa kijiji fulani ni wageni, afahamu kwamba Kabambare maneno hayo yanasomwa na watu wenye silaha. Kule Salamabila, kwenye dhahabu, watu wamehama nyumba zao mara nyingi kwa sababu ya mapigano, na wengine wameishia kuvuka ziwa lile lile walilovushwa wakubwa wao.

Siku hizi wapo wanaotumaini kwamba mate katika kichupa yatamaliza ubishi. Vipimo vya vinasaba vinasaidia kukutanisha binamu waliopotezana, na sina neno dhidi yake kwa hilo. Ila kampuni hulinganisha vinasaba vyako na vya watu waliokwisha kupimwa, kisha hukupa jina pana: kampuni ya 23andMe, kwa mfano, hukuandikia kwamba una asili ya Waangola na Wakongo. Jina la namna hiyo haliwezi kumtofautisha Mbangubangu na Mkusu, na wala halikuambii kama bibi yako alifika Ujiji kwa hiari au kwa kamba. Asilimia haina kumbukumbu ya siku ya soko.

Kumbukumbu zipo kwingine, na zinaweza kupatikana. Zanzibar zimehifadhiwa nyaraka za waliopewa hati za uhuru baada ya mwaka 1897. Katika nyaraka za Waingereza za Ghuba, kuanzia Muscat hadi Bushire na Bahrain, yako maelezo ya watumwa waliokimbilia kwa mabalozi miaka ya 1920 na 1930 kuomba uhuru, wakieleza walizaliwa wapi, nani aliwachukua na kwa bei gani waliuzwa. Nyingi ya nyaraka hizo zinasomeka leo kwenye maktaba ya kidijitali ya Qatar. Wako wanawake waliosimuliwa kwa kirefu. Bwanikwa, msichana wa Kiluba, alitolewa na baba yake kulipa fidia ya kifo cha mke mkubwa, akapita katika mikono ya mabwana kama kumi kabla ya kuwa huru. Mwanahistoria Marcia Wright aliirudia habari yake katika kitabu cha mwaka 1993 pamoja na habari za wanawake wengine wa kati ya maziwa. Ukisoma maisha ya Bwanikwa unaelewa jinsi nasaba ya mtu mmoja inavyoweza kupita katika nchi nne bila yeye kuchagua hata moja.

Na kazi imeanza Maniema kwenyewe. Noémie Arazi na wenzake, wakiwamo watafiti wa Kikongo, wamechimba Tongoni, mahali ilipokuwa Kasongo ya kale, na kuwahoji wakazi juu ya wanayoyakumbuka; mwaka 2020 matokeo yakachapishwa katika jarida la Antiquity. Hapo ndipo mahali pa kuanzia mazungumzo ya heshima, kwa kuwa wanaoulizwa ni watu wanaolima juu ya magofu yale. Mtu wa Kasongo anaweza kushika mambo mawili kwa mkono mmoja: kwamba mpunga anaoula, sala anayoisali na Kiswahili anachokizungumza vilikuja na msafara, na kwamba msafara huo huo ulichoma vijiji. Hahitaji kumfuta Tippu Tip wala kumtukuza. Sisi tulio mbali ndio tunaotaka achague upande.

Mimi ningependa mtu wa kwanza katika hayo makundi yetu aandike, bila kuulizwa, kwamba mama wa bibi yake alitekwa na hajui wapi, na kwamba huyo ndiye anayemhesabu kuwa chanzo cha ukoo wake. Ningependa wazee wa misikiti yetu ya Kimanyema wamsomee dua kwa jina, kama wanavyosomewa mabwana. Mashehe wetu wanajua kwamba hakuna aibu ya dini katika hilo: Ismail mwenyewe mama yake alikuwa Hajar, mjakazi, na mahujaji wote wanakimbia kati ya Safa na Marwa wakifuata nyayo zake.

Jambo jingine liko mikononi mwa serikali. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya watumwa na pembe kwenye orodha yake ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia, ikitaja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Njia hiyo kwenye karatasi inakoma ufukweni mwa ziwa, kana kwamba watu wale walichipuka majini. Ng'ambo kuna Mtowa walikopandishwa majahazi, kuna Kabambare walikopumzishwa, kuna Kasongo na Nyangwe walikotoka. Miaka hii yote Dodoma na Kinshasa zimekutana kuzungumzia bandari, mizigo na wakimbizi. Orodha moja yenye vituo vya pande zote mbili inaweza kuandikwa katika mkutano wa aina hiyo hiyo, na watu wa Nyangwe waitwe mezani kabla haijatiwa saini.